Chumvi ya mashine ya maji na kutu ya kisimani

Bibi mmoja wa Mombasa, anayeishi na mwanawe shambani huku Minnesota, alinitolea kanzu tatu nyeupe zenye madoa ya rangi ya machungwa. Alikuwa ameshazitia jiki, na madoa yakazidi. Lakini lililomuudhi hasa ni chai: akitia majani, chai ya rangi inakuwa nyeusi kama wino. Na mwanawe humwaga chumvi kwenye mashine ya kulainisha maji kila mwezi!

Tuelewane kwanza. Madoa na weusi wa chai vyote vinatoka kwenye chuma kilichomo katika maji ya kisima chao. Chumvi haitoi chuma kwenye maji. Kinachokitoa ni resini, punje ndogo kama mbegu za mchicha zilizomo kwenye tangi refu. Punje hizo hunasa chokaa na chuma kilichoyeyuka, zikaachia sodiamu. Zikishajaa, mashine huvuta maji ya chumvi kutoka tangi la pili, ikazifua. Chumvi ni sabuni tu. Resini ikishika kutu, hata umwage magunia kumi ni kazi bure.

Hatua ya 1: Bilauri. Chota maji kwenye bomba lililo kabla ya mashine. Yakitoka meupe, kisha yakageuka rangi ya kutu baada ya kukaa, hicho ni chuma kilichoyeyuka, na mashine inakiweza. Yakitoka mekundu tangu mwanzo, kutu imeshaganda, tafuta kichujio. Funua pia tangi la choo. Ukikuta utelezi kama uji wa rangi ya machungwa, una bakteria wa chuma, na kisima chenyewe ndicho cha kutibiwa kwa klorini.

Hatua ya 2: Vipimo na hesabu. Peleka maji maabara yapimwe chuma, ugumu (wingi wa chokaa) na pH (kipimo cha uasidi). Hapa ndipo wengi hukosea: wanaiwekea mashine namba ya ugumu peke yake. Kwa kila miligramu 1 ya chuma kwa lita, mimi huongeza greni 4 (greni ni kipimo cha ugumu; 1 ni kama miligramu 17 kwa lita). Kwa bibi ugumu ulikuwa greni 18, chuma miligramu 2. Kwa hiyo 18 + 8 = 26. Mashine yao ilikuwa imewekwa 18, basi ilichelewa kujifua kila mara. Chuma kikipita miligramu 3 hivi, mimi hufunga kichujio cha chuma mbele ya mashine; wengine huvumilia zaidi, mimi sivumilii.

Hatua ya 3: Chumvi. Chumvi ya mawe ni rahisi, ila huacha tope chini ya tangi. Nunua ya vidonge iliyo safi, au ile iliyotiwa asidi ya sitriki kwa ajili ya kutu. Ya jikoni usiguse, hushikana ikawa bonge.

Hatua ya 4: Mpini wa fagio. Jaza tangi nusu, lisizidi theluthi mbili. Kisha chomeka mpini wa fagio taratibu hadi chini. Ukigonga kitu kigumu katikati, chumvi imefanya daraja: juu inaonekana imejaa, chini ni uwazi mtupu na maji hayaigusi. Livunje polepole, usitoboe tangi.

Hatua ya 5: Kuifua resini. Kila baada ya miezi michache tumia dawa ya kusafishia resini, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha iamuru mashine ijifue papo hapo. Fungua madirisha, maana nyingine zinanuka kiberiti. Usiichanganye kamwe na jiki. Gesi yake ni hatari.

Jiki ndiyo pia iliyoharibu kanzu. Klorini hugeuza chuma kilichoyeyuka kuwa kutu ndani ya nyuzi. Tulizilowesha kwenye maji ya ndimu, mbili zikatakata.

Wiki ya pili bibi akapiga simu: nguo safi, chai bado nyeusi. Nikarudi, nikatambaa chini ya sinki. Mafundi wengi huku huacha bomba la maji baridi la jikoni lipite kando ya mashine, watu wasinywe sodiamu. Bibi ana presha, kwa hiyo sikuliunganisha hivi hivi. Nilileta maji yaliyolainishwa hadi kwenye kichujio kidogo cha osmosisi, kinachosukuma maji kupitia utando mwembamba na kuondoa hata sodiamu, na hapo ndipo anapojazia birika sasa.