Ndege ya vita ya rimoti: jinsi ya kuchagua na kuiandaa kabla hujairusha

Wengi tunaingia kwenye hizi ndege ndogo za mfano kwa moyo, yaani mtu ameona video ya Spitfire, ile ndege ya vita ya Waingereza, inapita chini chini na lile bawa lake la mviringo, basi ashalipia kabla hajauliza hata inatuaje. Silaumu mtu, mi mwenyewe nilianza hivo hivo na Spitfire yangu ya kwanza ilikaa hewani kama sekunde tatu tu. Ndege haikuwa na ubaya wowote, kosa nililifanya usiku wake mezani nikiwa nimetulia kabisa, ndo maana hapa nitaongea sana habari za mezani kuliko za angani.

Ila kwanza tuambiane ukweli. Kama hujawahi kurusha ndege yenye eleroni (vile vibao vya nyuma ya mabawa vinavoilaza ndege upande), hii isiwe ya kwanza. Ndege ya kujifunzia bawa liko juu, ukichanganyikiwa ukaachia stiki inajinyoosha yenyewe, lakini ndege ya vita bawa liko chini na ukiilaza upande inabaki imelala hivo hivo inakusubiri wewe. Nenda kwenye simuleta au nunua ya bawa la juu, ukishaweza kutua nayo mara kumi mfululizo bila kuokota vipande, rudi tuendelee.

Haya, kuchagua. Ushauri wangu ni mmoja, usiangalie sura, angalia miguu. Ndege nyingi za vita za miaka ya 1930 na 1940 zina magurudumu mawili mbele na kigurudumu kidogo mkiani, na zinatofautiana sana jinsi hiyo miguu ya mbele ilivopanuka. Spitfire na Bf 109 ya Wajerumani miguu yake inaanzia karibu na kiwiliwili kwa hiyo magurudumu yamesogeleana, ikiguswa na upepo wa pembeni kidogo tu inayumba, bawa linagusa chini, ishageuka inaangalia ilikotoka. Hurricane, P-47 Thunderbolt na P-51 Mustang miguu iko kwenye mabawa na inakunjwa kuelekea ndani, hivo ikiwa chini imetanuka vizuri inasimama kama meza. Mi ningekuambia anza na P-47, sura yake kama pipa lakini kiwiliwili ni kipana unakiona hata ikiwa mbali, na inatua kwa adabu. Kama unataka rahisi zaidi ya hapo ipo T-28 Trojan, iliruka mara ya kwanza 1949 na ilikuwa ya kufundishia marubani, ina gurudumu la mbele puani na mabawa yamenyanyuka kidogo kwenda nchani kwa hiyo inajisawazisha kuliko hao wengine wote. Wapo wanaosema hiyo si ndege ya vita kamili, waache waseme, we unaruka wao wanaokota.

Kuhusu saizi, usidanganyike na ndogo. Kidogo cha sentimita 60, ncha ya bawa mpaka ncha, kinapeperushwa na kila upepo na kikifika mbali hujui kinakuja au kinaenda. Kuanzia mita 1.1 mpaka 1.2 ya bawa ndo pazuri, inaonekana, inaingia kwenye gari, na betri yake ni ya kawaida, betri ya lithiamu polima (lipo) ya seli 3 au 4 ya mAh 2200 hivi. Nyenzo chukua lile povu gumu la EPO, ukianguka unaunganisha kwa supagluu jioni na kesho unaruka. Balsa, ile mbao nyepesi, ni nzuri na inapendeza lakini ikivunjika unapata njiti za kiberiti.

Halafu kuna namba moja watu hawaiangalii kabisa, uzito kwa eneo la bawa. Chukua uzito wa ndege ikiwa na betri ndani, gawa kwa eneo la bawa. Tuseme gramu 1300 na bawa la desimeta za mraba 24, unapata kama gramu 54 kwa kila desimeta ya mraba, hapo kwa saizi hii nakaa na amani. Ikivuka 70 ujue hiyo ndege itataka kutua mbio, na ukiipunguza mwendo sana bawa linaishiwa hewa ghafla, linaanza ncha moja, ndege inajipindua upande. Hili ndo linaua ndege za vita nyingi kuliko kitu kingine, maana ncha za mabawa yake ni nyembamba. Nguvu nayo, wati kama 250 kwa kila kilo ya ndege zinatosha kabisa.

Sasa mezani. Ndege imefika, umeunganisha bawa na mkia, vuta pumzi, usikimbilie kubandika stika.

Anza na rimoti. Baindi risiva, yaani unganisha kipokezi cha ndege na rimoti, halafu TOA PROPELA. Siongei utani, mota ya umeme haina salamu, ukigusa stiki kwa bahati mbaya inawaka na vidole viko pale pale. Propela itarudi mwisho kabisa. Washa rimoti kwanza ndo uchomeke betri ya ndege, na kuzima ni kinyume chake. Weka na failsafu, yaani mawasiliano yakikatika mota izime, kisha ihakikishe kwa kuzima rimoti ndege ikiwa imeshikwa na mtu.

Sevo (vile vimota vidogo vinavosogeza eleroni na mkia) zote zikiwa na umeme na stiki ziko katikati ndo ufunge mikono ya sevo, iwe wima ikikutana na waya wa kusukumia kwa pembe mraba. Ukifunga kwanza ukawasha baadaye utahangaika na trimu (vile vitufe vya rimoti vya kunyoosha ndege) maisha yako yote. Nyoosha eleroni, eleveta (kibao cha mkiani cha kupandisha na kushusha pua) na usukani wa mkia kwa kuzungusha vile vibanio vya kwenye waya, trimu za rimoti ziache sifuri.

Hapa ndo nilipofia mimi. Nilikuwa na ndege nyingine ndani ya kumbukumbu ya rimoti, nikanakili mipangilio yake kuja kwenye Spitfire ili nisianze upya. Nikachezesha stiki, eleroni zikacheza, nikaridhika. Zilicheza kweli, ila kinyume. Kesho yake imenyanyuka, ikalalia kushoto kidogo kama kawaida, nikatia kulia, ikalala kushoto zaidi, nikatia kulia yote. Basi. Nilisikia ule mlio wa povu kupasuka kabla sijaelewa nini kimetokea. Kwa hiyo kuangalia kama zinacheza haitoshi. Simama nyuma ya ndege pua ikiangalia mbele kama wewe, sogeza stiki ya eleroni kulia, eleroni ya kulia LAZIMA inyanyuke juu na ya kushoto ishuke. Vuta stiki ya eleveta kwako, eleveta inyanyuke. Usukani kulia, uende kulia. Sema kwa sauti ukifanya, ndiyo utaonekana chizi, sema tu. Kama risiva yako ina jairo ndani (kifaa kinachoisawazisha ndege chenyewe) fanya jaribio la pili, washa jairo, inamishe ndege kwa mkono bawa la kulia lishuke, eleroni ya kulia nayo ishuke kujaribu kulirudisha juu. Jairo ikiwa kinyume ni mbaya kuliko kutokuwa nayo.

Mwendo wa stiki usiwe mkali. Weka reti mbili, yaani viwango viwili vya jinsi eleroni na eleveta zinavocheza, kwenye swichi, ya juu na ya chini kama asilimia 70, na ekspo ya asilimia 25 hivi ili katikati iwe laini. Safari ya kwanza ruka na reti ya chini ila swichi iwe karibu na kidole, maana wakati wa kutua mwendo ukiwa mdogo eleveta inaweza ikahitajika zaidi.

Senta ya uzito sasa, na hapa usiwe na haraka hata kidogo. Kitabu cha ndege kitakuambia milimita ngapi kutoka ukingo wa mbele wa bawa, pima pale linapokutana na kiwiliwili kama wamesema hivo, weka alama na selotepu kila upande. Ndege nyingi hizi inaangukia asilimia 25 mpaka 30 ya upana wa wastani wa bawa toka mbele kwenda nyuma. Kwa kuwa bawa liko chini, igeuze mgongo chini, miguu juu, betri ikiwa ndani na kila kitu kimefungwa, ibebe kwa ncha za vidole viwili kwenye zile alama. Pua ikishuka taratibu kidogo, sawa. Mkia ukishuka, usiruke, sogeza betri mbele, ikigoma weka kipande cha madini ya risasi kwenye boneti, ule mfuniko wa mota puani, hata kama inakuuma kuongeza uzito. Ndege yenye pua nzito inaruka vibaya, yenye mkia mzito inaruka mara moja. Na kitu kingine hiki wengi hawakijui, angalia miguu inakunjikia wapi. Ya Mustang inaingia ndani kwa pembeni, senta haihami sana, lakini ya Corsair na P-40 inakunjika kurudi nyuma, maana yake ukiipandisha hewani uzito unahamia nyuma. Hizo pima miguu ikiwa imekunjwa. Ukimaliza chora mstari kwa kalamu ndani pale betri inapokaa na uikaze na velkro na mkanda wake, betri iliyoteleza nyuma wakati wa kupanda ni hadithi nyingine ya huzuni.

Betri chaji kwa chaja ya kusawazisha seli, mwendo wa 1C, yaani ya mAh 2200 unaweka ampea 2.2, kila seli iishie volti 4.20. Usiiache ikichaji ukaenda kulala.

Rudisha propela, maandishi yaangalie mbele, kaza nati, mota ukiiwasha kidogo uone upepo unaenda nyuma. Ukienda mbele badilisha waya wowote mbili kati ya zile tatu za mota. Mota ikionekana imeinamia chini na kulia kidogo usiinyooshe, imewekwa hivo makusudi.

Uwanjani, chagua siku ya upepo mdogo, sehemu inayoruhusiwa na sheria za anga za ulipo, na mbali na watu. Pima umbali wa mawasiliano kwa ile modi ya rimoti ya kupunguza nguvu. Ukitembeza ndege chini vuta eleveta kwako muda wote ili mkia ukae chini, la sivyo inachoma pua na propela inakatika.

Kuruka, elekea upepo, ongeza moto (nguvu ya mota) TARATIBU, hesabu mpaka tatu au nne kufika juu. Propela inazunguka kulia ukiitazama kutoka nyuma kwa hiyo ndege itavuta kushoto, tia usukani wa kulia kidogo, si eleroni, usukani. (Spitfire halisi za mwisho zilizofungwa injini ya Griffon propela ilizunguka kinyume na zile za injini ya Merlin, marubani ilibidi wabadilishe mguu, sisi wa mota za umeme tumesalimika.) Iache mkia unyanyuke wenyewe, ikipata mwendo inaondoka, usiichomoe.

Panda juu kabisa, tafuta trimu, halafu ukiwa bado juu shusha miguu na flapu (vibao vya bawa vya kusaidia kutua polepole) nusu, punguza moto mpaka uone inavoishiwa hewa. Hapo unajua ncha gani inaanguka na kwa mwendo gani, na huo mwendo ukae mbali nao ukitua. Flapu nyingi zinanyanyua pua ukizishusha, baadaye utachanganya na eleveta ya chini kidogo kwenye rimoti.

Weka taima dakika nne tu. Kutua njoo mbali, bapa, na moto kidogo ukiwa umewaka mpaka magurudumu yaguse, kosa la kila mtu ni kuzima mota akiwa mita mbili juu akidhani itaelea. Haielei. Ikidunda, ongeza moto uzunguke tena, usiisukume chini.

Ikishatua chomoa betri ushike mota kwa mkono. Ikiwa ya moto mpaka huwezi kuishikilia, propela ni kubwa mno au boneti haina hewa ya kutosha. Pima betri, ukikuta imebaki karibu asilimia 30 basi dakika nne ndo muda wako sahihi, ikiwa zaidi ongeza nusu dakika safari ijayo. Kaza skrubu za miguu, huwa zinalegea safari ya kwanza, na kama huruki tena leo rudisha seli kwenye volti 3.8 kabla ya kuzihifadhi.