Kabla hujalitafsiri neno "run"

Katika maelekezo ya jenereta huwa kuna onyo kwamba mashine isiwashwe ndani ya nyumba, na kitenzi kinachotumika kwa Kiingereza ni "run". Mfasiri mwenye haraka akiandika "usikimbize jenereta ndani", msomaji atadhani anakatazwa kuivuta huku na huko. Usiku ataiacha ikinguruma koridoni, inatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Ndiyo maana naliogopa neno hili kuliko majina marefu ya dawa.

Kamusi haitakuokoa mapema. Peter Gilliver, mhariri wa Oxford English Dictionary, alilishughulikia kwa miezi kama tisa na kufikisha maana 645 za kitenzi peke yake. Kwa hiyo, kabla ya kufungua kamusi, tazama ni nini kinachotenda. Mto unapita, pua inatoa kamasi, kitenge kinachuja rangi, basi linafanya safari zake, mkataba unadumu miaka miwili, injini inawaka. Mwenye duka analiendesha. Kiswahili kina kitenzi cha kila kimoja, na "kukimbia" hakimo hata mara moja.

Kwenye maji uwe mwangalifu zaidi. "Running water" katika ripoti ya makazi ni maji ya bomba: nyumba inayo au haina. Maneno hayohayo katika maelekezo ya kunawa mikono ni maji tiririka, na hayo hata kibuyu chirizi kinayatoa. Ukiwaandikia watu wa kijiji kisicho na bomba kwamba wanawe kwa maji ya bomba, umewanyima kinga ambayo wangeweza kujitengenezea kwa dumu na kamba. Aliyeungua moto naye anahitaji maji ya baridi yanayotiririka juu ya jeraha kwa dakika 20. Beseni la maji yaliyotuama halimtoshi.

Hata pale ambapo ni mbio za miguu kweli, usistarehe. Kukimbia kwa Kiswahili kumebeba hofu ndani yake. Mkimbizi tumempata humo. "Alikimbia shule" ni mtoro. Aliyekwenda mbio kuelekea shuleni alikimbilia shuleni, na aliyemfuata mwizi alimkimbiza. Kiingereza hutofautisha haya kwa vineno vinavyokuja baada ya kitenzi, sisi tunayatofautisha kwenye mkia wa kitenzi chenyewe. Napenda sana jambo hili katika lugha yetu, na naumia kuona tafsiri zinazoliacha.

Basi soma neno linalofuata "run" kabla hujaandika lolote. Likifuatwa na "out of", kitu kimeisha. Likifuatwa na "over", mara nyingi gari limemgonga mtu. Likifuatwa na "into", ama watu wamekutana bila kutarajia, ama gari limegonga ukuta. Sentensi iliyotangulia itakuambia. Ugonjwa unaosemwa "runs in the family" ni wa kurithi, upo katika ukoo.

Kwenye habari za uchaguzi, Mmarekani husema mtu "runs" na Mwingereza hupenda kusema "stands". Kwetu wote wawili wanagombea, na "running mate" ni mgombea mwenza. Benki ikipatwa na "run", wateja wameikimbilia kutoa akiba zao kwa hofu kwamba itafilisika.

Angalia pia wakati wa kitenzi. "A clinic run by nurses" ni zahanati inayoendeshwa na wauguzi. Hapo "run" ni umbo la kutendwa lenye sura ileile ya wakati uliopo, na anayesoma mbiombio humfanya muuguzi akimbie.

Mwisho, tafuta mtu ambaye hajaiona karatasi ya Kiingereza, msomee Kiswahili chako, umwombe akueleze atafanya nini. Kwa onyo lile la jenereta, nangoja aseme ataiweka nje, mbali na mlango na madirisha. Akisema kingine chochote, nafuta na kuandika upya.