Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuteremka Lodwar kwa Baiskeli

Waendesha baiskeli wa Nakuru, Kisumu au Kitale wanapokubaliana kuchangisha fedha kwa safari ya kwenda Lodwar, mji wa Turkana kaskazini mwa Kenya, jambo la kwanza la kuamua ni namna michango itakavyoahidiwa, hata kabla ya kukagua baiskeli. Mfadhili akiahidi kulipa kwa kila kilomita, mwendeshaji aliyeanza kuona kizunguzungu atajilazimisha kukanyaga pedali kwa kuhofia kuwapunja wanaosaidiwa, na joto la Turkana halimsubiri mtu wa namna hiyo. Afadhali michango itolewe kwa msafara mzima na ipokelewe kabla ya kuondoka, ili anayepanda gari la msaada asipoteze chochote ila fahari yake.

Kutoka Kitale, iliyo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hadi Lodwar, iliyo karibu mita 500, ni takriban kilomita 300, na wengi hudhani kwamba mteremko huo ni zawadi. Raba za breki zibadilishwe kabla ya kushuka kuelekea Ortum na Marich, lakini kinachowashinda wengi ni joto linalowapokea chini, ambalo mchana hufika nyuzi 35 au zaidi. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea. Aliyefanya mazoezi yote katika baridi ya asubuhi ya Nakuru bado hajajitayarisha. Ni heri ateremke Marigat mara kadhaa na kuendesha kwa muda mfupi juani, akiongeza kidogo kidogo.

Siku za safari, msafara uondoke kunapopambazuka, upumzike kivulini kuanzia saa tano hadi saa kumi alasiri, na uwe umefika kituoni kabla ya giza.

Kuhusu maji, anayeendesha juani anaweza kutokwa na lita moja ya jasho au zaidi kwa saa, kwa hiyo gari libebe angalau lita kumi za kunywa kwa kila mtu kwa siku, mbali na za kupikia na za kumpoza mgonjwa. Hata hivyo, kunywa maji matupu kupita kiasi hupunguza chumvi katika damu na kuleta kichefuchefu, maumivu ya kichwa na kuchanganyikiwa. Pakiti za chumvi za kurudisha maji mwilini zibebwe. Zikikosekana, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari, vyote vikiwa vya kusawazishwa, huchanganywa katika lita moja ya maji safi. Mtu aliyechanganyikiwa huku mwili ukiwaka moto apozwe papo hapo kwa kumwagiwa maji na kupepewa, hata kama bado anatoka jasho, ndipo akimbizwe hospitali.

Miiba ya mti wa mathenge, ambayo watu wa Baringo wanaijua vizuri, hutoboa tairi pasipo huruma. Kila mmoja abebe tyubu mbili, viraka, gundi na pampu yake mwenyewe, kwa maana gari la msaada huwa mbali siku ile linapohitajika.

Laga, yaani mikondo ya mito ya msimu, zisidharauliwe kwa sababu ni kavu. Mvua ikinyesha milima ya Pokot, maji huweza kufika ghafla mahali ambapo anga ni jeupe. Novemba 2019 mafuriko na maporomoko ya ardhi yalikata barabara hii. Kama maji yanapita, msafara usubiri.

Eneo la Kainuk, mpakani mwa Wapokot na Waturkana, limeshuhudia mashambulizi ya majambazi kwa miaka mingi. Waandalizi wazungumze na polisi na machifu wiki chache kabla, waulize tena asubuhi ya safari, na wakishauriwa kupakia baiskeli garini kwa sehemu hiyo, wazipakie bila ubishi.

Mwisho, kwa kuwa simu hupoteza mtandao kwa masafa marefu, mtu mmoja abaki Kitale akiwa na majina yote, vituo vya kulala, namba za jamaa na saa ambayo msafara unatarajiwa kupiga simu kila jioni. Akabidhiwe pia namba za polisi na za hospitali zilizo njiani, na aambiwe wazi ni saa ngapi aanze kuzipigia iwapo simu hiyo haijafika.