Nyumba ya bei gani? Hesabu ya kufanya kabla ya kuanza kuzunguka na dalali

Ukiwa unaishi ughaibuni na benki ikakuandikia barua kwamba iko tayari kukukopesha kiasi fulani, usiichukue namba hiyo ukaifanya bei ya nyumba unayotafuta. Benki imepiga hesabu zake: ikukopeshe mpaka wapi bila yenyewe kupata hasara. Karo ya mdogo wako, dawa za mzazi, michango ya misiba na harusi inayoingia kwenye simu, hayo hayamo humo. Unayajua wewe.

Kwa hiyo anzia upande wa pili: kila mwezi unaweza kutoa kiasi gani kwa ajili ya nyumba na maisha mengine yakaendelea? Pakua taarifa za akaunti za miezi 12 iliyopita, ujumlishe kila ulichotuma nyumbani, kisha ugawe kwa 12. Mtu akiulizwa anatuma kiasi gani, hutaja kile cha kawaida cha mwisho wa mwezi. Zile za "nisaidie mara moja tu" huwa hazihesabiwi, na ndizo zinazovuruga bajeti. Ukishapata wastani wa kweli, uweke kwenye orodha ya madeni, jirani na mkopo wa gari.

Tuchukue mfano wa Marekani. Mke na mume wanaingiza dola 8,000 kwa mwezi kabla ya makato, mkononi zinabaki 6,000. Kanuni ya zamani inasema gharama za nyumba zisizidi asilimia 28 ya kipato kabla ya makato, na madeni yote kwa pamoja asilimia 36. Lakini siku hizi baadhi ya mikopo huruhusu madeni yote yafike asilimia 45, hata 50. Asilimia 45 ya 8,000 ni dola 3,600. Kwa wenzetu hawa, hiyo ni asilimia 60 ya pesa wanayoiona mkononi, na bado hawajala wala kutuma chochote kwao.

Wakikaa na karatasi zao wanaona wanachoweza bila kubanwa ni dola 2,200. Hiyo nayo si rejesho la mkopo peke yake. Ndani yake kuna kodi ya jengo, bima ya nyumba, na kwa kuwa hawana malipo ya awali ya asilimia 20 ya bei, kuna bima ya kumlinda mkopeshaji. Tuseme hayo yote yanakula 600. Zinabaki 1,600. Kwa riba ya asilimia 6.5 na mkopo wa miaka 30, kila dola 1,000 ya mkopo hulipiwa takriban dola 6.32 kwa mwezi. Gawa 1,600 kwa 6.32, uzidishe kwa 1,000: mkopo wao ni kama dola 253,000.

Wana akiba ya 40,000. Hapo watoe gharama za kufunga mauziano, ambazo kwa kawaida ni asilimia 2 hadi 5 ya bei, tuseme 9,000. Watoe 8,000 nyingine za kuhamia na za dharura, maana boiler, ule mtambo wa kupasha maji na nyumba joto, haina adabu, huharibika wakati akaunti imekauka. Zinabaki 23,000 za malipo ya awali. Zijumlishe na ule mkopo: kikomo chao cha bei ni dola 276,000. Riba ikipanda kufika 7.5, zile 1,600 zitabeba mkopo wa kama 229,000 tu, na kikomo kitashuka kwa dola 24,000 bila mshahara kubadilika. Ndiyo maana hesabu hii hurudiwa kila riba inapotikisika. Na kama nyumba iko kwenye eneo lenye ada ya mwezi ya jumuiya ya wenye nyumba, ada hiyo nayo inaingia kwenye zile 2,200.

Kujua kama utaimudu, ijaribu kabla hujasaini. Kama leo unalipa kodi ya pango ya 1,500, weka 700 pembeni kila mwezi, zifike zile 2,200, kwa miezi mitatu minne, kwenye akaunti usiyoigusa. Ukijikuta unachomoa humo kila simu ya nyumbani inapolia, shusha kikomo.

Kama tayari una nyumba kwenu

Hapa walioko Uingereza wasome taratibu. Katika England, anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza halipi ushuru wa stempu, yaani kodi ya serikali kwa anayenunua nyumba, kwenye pauni 300,000 za kwanza, na hulipa asilimia 5 kwa kilichozidi hapo hadi 500,000. Lakini mnunuzi wa mara ya kwanza ni yule ambaye hajawahi kumiliki makazi popote duniani. Nyumba uliyojenga kwenu kidogo kidogo, au uliyorithi, inakutoa kwenye kundi hilo. Na ukiwa bado unaimiliki, na thamani ya sehemu yako inafika pauni 40,000, mara nyingi utatozwa nyongeza ya asilimia 5 ya bei yote, isipokuwa kama unabadilisha makazi yako makuu. Kwa nyumba ya pauni 300,000, mnunuzi wa mara ya kwanza halipi kitu, na mwenye nyumba kwao analipa 20,000, ushuru wa kawaida pamoja na nyongeza hiyo. Ni malipo ya awali ya mtu yanayeyuka. Muulize wakili wa mauziano kabla ya kutoa ofa, umweleze ukweli wote, pamoja na ile nyumba iliyoandikwa jina la mwenzi wako.

Mipaka ya ushuru pia inakuonyesha pa kusimama. Mnunuzi wa mara ya kwanza akichukua nyumba ya 500,000, ushuru ni 10,000. Ya 505,000 inamvua msamaha wote, analipa kwa viwango vya kawaida, na ushuru unakuwa 15,250. Pauni 5,000 za bei zimemgharimu zaidi ya 10,000. Canada nako kuna ngazi: malipo ya awali ya chini kabisa ni asilimia 5 ya dola 500,000 za kwanza, kisha asilimia 10 ya kinachozidi hadi milioni 1.5, na kuanzia hapo ni asilimia 20 ya bei yote.

Bei ya tangazo

Bei iliyoandikwa kwenye tangazo haimaanishi kitu kimoja kila mahali. England mara nyingi ni pa kuanzia mazungumzo, kwa hiyo unaweza kutafuta juu kidogo ya kikomo chako ukitegemea kupunguziwa. Scotland nyumba nyingi hutangazwa kwa bei ya "kuanzia hapa kwenda juu". Ukitafuta mpaka kwenye kikomo, kila utakayoipenda utashindwa. Tafuta chini yake. Tena benki hukopesha kwa thamani aliyoitaja mthamini. Ukitoa ofa ya 260,000 kwa nyumba iliyothaminiwa 250,000, ile 10,000 ni pesa yako taslimu, juu ya malipo ya awali. Marekani nako pengo la namna hiyo hujitokeza wagombea wakiwa wengi.

Weka na bei ya chini pia. Nyumba ya bei ya kutupa yenye paa linalovuja itakula akiba yote, na benki nyingine hukataa kuikopeshea.

Namba yako ya juu kabisa usimtajie dalali wa muuzaji. England, huyo anayekufungulia mlango kwa tabasamu analipwa na mwenye nyumba. Mpe namba ya katikati. Marekani unaweza kuwa na dalali wako mwenyewe, lakini tangu Agosti 2024 ni kawaida kusaini naye mkataba wa malipo kabla hajakutembeza. Soma kipengele kinachosema nani atalipa ikiwa muuzaji atakataa, na kama ni wewe, kiasi hicho kitoke kwenye ile akiba kabla hujagusa malipo ya awali.