Kozi kuhamishika si kozi kuhesabiwa: kwa anayetaka digrii ya usimamizi wa ujenzi California

Ndugu zangu mnaojiandaa kuanza chuo huku, hasa ninyi mliotoka nyumbani na diploma ya ujenzi au miaka ya kuzunguka saiti na makontrakta, naandika haya kwa sababu mwaka mmoja na nusu wa maisha yangu ulipotea kwa neno moja nililodhani nalielewa. Neno lenyewe ni "inahamishika".

Njia yenyewe mnaijua. Unaanza komyuniti koleji, chuo cha umma cha miaka miwili, kwa sababu ya ada, unakusanya yuniti 60 (yuniti ni kipimo cha uzito wa kozi), unahamia chuo kikuu cha CSU, yaani mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo la California, ukiingia mwaka wa tatu. Mkazi wa California analipa dola 46 kwa yuniti. Asiyehesabiwa mkazi analipa mara kadhaa ya hapo, na ukazi unahitaji mwaka mmoja na siku moja ndani ya jimbo pamoja na ushahidi kwamba umekuja kuishi. Kwa hiyo kodi ya nyumba, leseni ya udereva na makaratasi ya kodi ya mapato yaanze siku za mwanzo. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, lazima ashike yuniti 12 kila muhula, na darasa la mtandaoni linalohesabika humo ni moja tu. Digrii ya usimamizi wa ujenzi ipo Sacramento, Chico, Fresno, Northridge na San Luis Obispo. Kabla hujachagua, angalia kama programu imeidhinishwa na ACCE, baraza la elimu ya ujenzi la Marekani.

Sasa nije kwenye shimo.

Koleji niliyoanzia ilikuwa na kozi za ujenzi: kusoma ramani, sheria za majengo, makadirio ya gharama, usimamizi wa mafundi. Nikaziona nikafurahi. Hayo yote nilishayasoma nyumbani, BOQ, ile orodha ya vifaa na kazi za ujenzi pamoja na gharama zake, nimeandika kwa mkono kabla sijajua kompyuta. Nikamuuliza mshauri wa masomo: hizi kozi zinahamishika kwenda CSU? Akafungua kitabu cha kozi, akanionyesha alama pembeni ya kila kozi, akasema ndiyo, zinahamishika. Hakunidanganya. Nikazichukua mihula mitatu mfululizo, alama A tupu, na simu za nyumbani nikawa napokea kwa furaha.

Barua ya kukubaliwa ilikuja. Wiki chache baadaye ikaja tathmini ya masomo. Yuniti 24 nilizozitolea jasho zilikuwa zimehama kweli, lakini zimewekwa kwenye fungu la masomo ya hiari. Hakuna hata moja iliyoziba pengo la masomo ya digrii yenyewe. Yale ambayo programu iliyataka kabla ya kuanza kozi za mwaka wa tatu sikuwa nayo: kalkulasi, fizikia, takwimu, uhasibu.

Someni hapa taratibu. Kozi kuhamishika maana yake chuo kikuu kinakubali yuniti zake ziingie kwenye hesabu. Kozi kulinganishwa maana yake chuo kikuu kinakubali kwamba kozi ile ya koleji inasimama badala ya kozi yake fulani. Ni mambo mawili tofauti kabisa, na kwenye fani ya ujenzi tofauti hiyo inauma kuliko fani nyingi. Kozi ya makadirio ya gharama chuo kikuu inafundishwa mwaka wa tatu au wa nne. Ya koleji inahesabiwa ya miaka miwili ya kwanza, na kozi ya chini kwa kawaida haiwekwi badala ya ya juu, hata kama kitabu ni kilekile. Hivyo nilisoma makadirio nyumbani, nikayasoma koleji, nikayasoma tena chuo kikuu.

Na kuna ukuta mwingine nyuma ya huo. CSU haipokei zaidi ya yuniti 70 kutoka komyuniti koleji. Ukizidisha, unaweza kutambuliwa kwamba somo umelisoma, lakini yuniti za ziada haziingii kwenye digrii. Aliyejaza kapu kwa kozi za hiari anafika kwenye 70 kabla hajagusa kalkulasi. Wenye Pell, msaada wa ada wa serikali ya Marekani kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, kumbukeni kwamba una kikomo cha mihula 12 ya masomo kamili maisha yako yote. Kila muhula wa kozi isiyo na kazi unakula humo. Na aliyekuja na digrii ya kwanza ya nyumbani asihesabu Pell kabisa, hata kama digrii hiyo hakuna mwajiri huku anayeitazama.

Basi fanya hivi kabla hujajiandikisha darasa lolote, hata moja. Ingia ASSIST, tovuti ya umma ya California ya kulinganisha kozi, haina malipo. Chagua mwaka, koleji yako, chuo kikuu unachokitaka, kisha tafuta mpango wa programu, usimamizi wa ujenzi. Usiishie kwenye orodha ya kozi zinazohamishika, maana orodha hiyo ndiyo iliyonipoteza. Upande mmoja utaona somo la chuo kikuu, upande wa pili kozi ya koleji yako inayosimama badala yake. Mahali pengine utakuta imeandikwa kwamba hakuna kozi iliyolinganishwa. Hapo usijifariji kwamba mtaelewana mbele ya safari. Hamtaelewana. Ama ukaisome koleji ya jirani iliyolinganishwa, ama uiache mpaka ufike chuo kikuu. Hifadhi ukurasa huo ukiwa na mwaka wake, kwa sababu makubaliano hubadilika.

Rudia zoezi hilo kwa vyuo viwili au vitatu unavyovitaka. Kimoja kitataka jiolojia, kingine hakitaki. Kimoja kalkulasi ya kibiashara kinaikubali, kingine kinataka ile ya wahandisi. Chukua ngumu zaidi kati ya hizo mbili.

Hesabu ndiyo uti wa mgongo wa mpango wote, maana masomo yanasubiriana. Trigonometria inafungua kalkulasi na fizikia. Fizikia inafungua statiki, somo la nguvu kwenye vitu vilivyotulia, na statiki inafungua nguvu za vifaa na miundo. Ukichelewesha trigonometria muhula mmoja, mstari wote unasogea, na mara nyingine unasogea mwaka mzima kwa sababu madarasa kama upimaji ardhi koleji nyingi huyafundisha muhula mmoja tu kwa mwaka. Hesabu ianze muhula wa kwanza. Narudia: muhula wa kwanza, hata kama umetoka kubeba maboksi usiku na macho hayafunguki. Kozi za ujenzi zitakungoja. Nyingi ya hizo hata usizichukue koleji, isipokuwa zile ulizoziona kwa macho yako kwenye mlinganisho.

Masomo ya jumla hayana shida. Yapo manne ambayo lazima uwe nayo kwa alama isiyopungua C ya chini: uandishi wa Kiingereza, kuzungumza mbele ya watu, kupima hoja, na hesabu. Maombi ya kuingia Agosti hufunguliwa Oktoba 1 ya mwaka unaotangulia.

Diploma ya nyumbani ifanyiwe tathmini ya kozi moja moja na kampuni ambayo chuo unachokwenda kinaikubali. Ile tathmini ya jumla inayosema tu kwamba unacho kitu sawa na miaka miwili ya chuo haitakusaidia kudai somo. Na hapa nawasihi wazazi na wajomba: msimwambie kijana kwamba akifika ataunganisha tu. Sisi tumezoea diploma inakupeleka digrii ya fani ileile, na anayeijua fani anaheshimiwa. Huku mwenye diploma anaweza kukaa darasani na mtoto wa miaka kumi na minane, wote wakianza Kiingereza cha kwanza. Mama mdogo aliniuliza zaidi ya mara moja kwa nini niliokuja nao wameshamaliza unesi na mimi bado nasoma fizikia. Alikuwa ananipenda, lakini kila simu ile ilinisukuma kuchukua kozi nyepesi ili nionekane nasonga. Nyumbani mkiona mtoto anachelewa, mwulizeni mpango wake wa masomo ukoje, msimlinganishe na wa jirani.

Nimekaa nikijiuliza kwa nini yule mshauri hakunizuia. Nadhani ni namna jamii hii ilivyo. Nyumbani mwalimu wa taaluma angekuita ofisini akakufokea mbele ya watu: wewe, hesabu iko wapi? Huku hakuna anayekufokea. Wanaheshimu uamuzi wa mtu mzima kiasi kwamba ukiuliza swali dogo unapewa jibu dogo, kwa tabasamu, na mlango unafungwa nyuma yako. Sisi tumelelewa kutomsumbua mkubwa kwa maswali. Tukijibiwa mara moja tunashukuru tunaondoka. Mambo hayo mawili yakikutana, anayeumia ni mgeni. Lakini nitakuwa mwongo nisiposema upande wa pili. Kwenye darasa la trigonometria nilikaa na mama wa miaka hamsini na kitu, na hakuna aliyemtazama mara mbili. Kwetu ukianguka kidato cha sita wengi wanakuhesabu umekwisha.

Kwa hiyo uliza swali kubwa. Usiulize kama kozi inahamishika. Uliza: kozi hii inasimama badala ya kozi ipi kwenye digrii ya usimamizi wa ujenzi ya chuo kile? Mwulize mshauri wa idara kwenye chuo kikuu unachokwenda, siyo wa koleji peke yake, na umwulize kwa barua pepe ili jibu libaki kwa maandishi. Kila silabasi unayopewa, ihifadhi. Mimi kozi moja ya vifaa vya ujenzi niliiokoa chuo kikuu kwa sababu silabasi yake ilikuwa bado kwenye simu yangu, ikiwa na mada za kila wiki na jina la kitabu. Nyingine ambazo nilizitupa sikuweza kuzipigania.

Mpwa wangu anafika Agosti na diploma yake ya ujenzi. Nimemwambia kabla hajapanda ndege aende chuoni kwake akaombe silabasi za masomo yote, zigongwe mhuri, hata kama karani atamsumbua wiki mbili. Na mihula yake minne tumeshaichora kwenye karatasi moja iliyo hapa ukutani: trigonometria iko juu kabisa, makadirio ya gharama hayamo.