Namna ya Kupanga Bei ya Mawese Kigoma Soko la Dunia Linapoyumba

Msindikaji mdogo wa mawese wa Simbo, Mwandiga au Ilagala kwa kawaida hapangi bei, bali hutajiwa. Mchuuzi hufika na madumu yake matupu, husema kwamba mjini bei imeshuka, na mwenye mafuta, kwa kuwa ana ada ya shule inayomsubiri na hana mahali pazuri pa kuhifadhi, hukubali. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuipiga hesabu bei hiyo mwenyewe kabla mchuuzi hajafika, kisha namna ya kuyashughulikia yale ambayo kweli yako mikononi mwa msindikaji, maana sehemu nyingine ya bei hiyo hufungwa mbali sana na Ziwa Tanganyika.

Jambo la kwanza ni kujua bei inatoka wapi. Asili ya mchikichi ni Afrika ya Magharibi, lakini miche minne iliyopandwa katika bustani ya Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848 ndiyo iliyozaa mashamba makubwa ya Asia, na leo Indonesia na Malaysia kwa pamoja hutoa zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya mawese duniani. Bei inayofuatwa na waagizaji wengi hupangwa katika soko la bidhaa la Kuala Lumpur, nchini Malaysia. Vita vilipoanza Ukraine mwaka 2022 na mafuta ya alizeti kutoka huko yakaadimika, kisha Indonesia ikazuia kusafirisha mawese nje kuanzia tarehe 28 Aprili hadi tarehe 23 Mei mwaka huohuo, mafuta ya kula yalipanda bei madukani Tanzania nzima, hata kwa mtu ambaye hajawahi kusikia jina la Kuala Lumpur. Kwa hiyo mwenye simu yenye intaneti na azoee kuitazama bei hiyo mara moja kwa wiki na kuiandika daftarini. Kuitazama kila siku hakuna faida, kwa sababu meli haziendi kwa kasi ya simu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Dumu la lita 20 za mawese lina uzito wa takriban kilo 18. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba tani moja ya mawese inauzwa dola 1,000 na dola moja inabadilishwa kwa shilingi 2,500: tani hiyo ni shilingi 2,500,000, kilo moja ni shilingi 2,500, na kilo 18 ni shilingi 45,000. Hiyo ni bei ya mafuta yakiwa bado Asia. Ongeza nauli ya meli, bima, gharama za bandari ya Dar es Salaam, ushuru wa forodha, faida ya kiwanda kinachoyasafisha, na mwisho usafiri wa zaidi ya kilomita 1,200 hadi Kigoma. Jumla utakayoipata ndiyo dari ya bei kwa mteja ambaye kwake mafuta ni mafuta, na mchuuzi anayetaja bei iliyo chini mno ya dari hiyo anapaswa kuulizwa sababu. Ushuru nao haukai mahali pamoja. Katika mwaka wa fedha 2018/19 serikali iliupandisha hadi asilimia 25 kwa mafuta ghafi na asilimia 35 kwa yaliyosafishwa ili kuwalinda wakulima wa ndani, na mabadiliko ya namna hiyo hutangazwa katika hotuba ya bajeti ya mwezi Juni na kuanza kutumika tarehe 1 Julai. Anayehifadhi mafuta mwezi Mei bila kuisubiri hotuba hiyo anacheza kamari.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii vya kutosha. Umbali wa Kigoma na bahari ni ukuta wenye pande mbili. Unapopeleka mawese Dar es Salaam, nauli inakula faida yako, lakini mafuta ya Asia yanapokuja Kigoma, nauli hiyohiyo inayapandisha bei na kukulinda. Reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914 iliufungua mlango kwa bidhaa zinazotoka na zinazoingia kwa pamoja, na kabla yake misafara iliyoishia Ujiji ilichukua pembe za ndovu na kuleta vitambaa vya merikani vilivyofumwa Marekani, ambavyo vilitumika hata kama fedha. Reli ya kisasa nayo itafanya vivyo hivyo. Mkataba wa kujenga kipande cha Tabora hadi Kigoma, chenye urefu wa kilomita 506, ulisainiwa mwezi Desemba mwaka 2022, na treni zitakapoanza kukimbia, dumu lako litafika pwani kwa gharama ndogo zaidi, na ndoo ya mafuta ya kiwandani nayo itafika Mwanga na Kibirizi, hapohapo mjini Kigoma, kwa gharama ndogo zaidi. Mimi naona kwamba anayeshangilia upande mmoja wa habari hiyo bila kuutazama wa pili atakuja kushangaa.

Njia ya kujikinga ni kuacha kuuza mafuta yote kama kitu kimoja. Mawese yanayokwenda kutengeneza sabuni, au yanayochanganywa kiwandani, yanashindana moja kwa moja na ya Malaysia, na bei yake itaifuata ile ya dunia utake usitake. Mawese yanayokwenda kwenye sufuria ya maharage au ya kisamvu hayashindani nayo, kwa sababu mafuta meupe yaliyosafishwa hayatoi ile rangi wala ile ladha. Mtu wa Kigoma anayeishi Dar es Salaam, au familia ya Kikongo au ya Kirundi popote ilipo, hatafuti mafuta tu, anatafuta chakula cha kwao. Mteja huyo huuliza harufu kwanza, bei baadaye. Tenganisha basi mavuno yako tangu mwanzo: mikungu iliyochelewa na chikichi zilizopondeka ziende kwenye mafuta ya sabuni, na zilizo bora ziende kwenye mafuta ya mezani, kila fungu na madumu yake na bei yake.

Ubora wa mafuta ya mezani hutegemea zaidi muda na maji kuliko mashine. Chikichi ikishapondeka, mafuta yaliyomo huanza kuvunjika na kuwa asidi, na kitu pekee kinachokomesha uharibifu huo ni kuichemsha. Akina mama wengi huifunika mikungu kwa siku kadhaa ili chikichi zipukutike kwa urahisi, na kwa anayepukutisha kwa mikono desturi hiyo inaeleweka, lakini kila siku inayoongezeka inapunguza bei ya mezani. Afadhali kuikata mikungu vipande vidogo vidogo siku ya mavuno na kuzichemsha chikichi kesho yake. Baada ya kuengua mafuta, yarudishe motoni kwa moto mdogo mpaka mchemko wa maji ukome kabisa, kisha uyapime kwa njia hii: chovya kipande cha karatasi kavu ndani ya mafuta, kitoe, kiwashe kwa moto. Kikiwaka kimya, maji yamekwisha, na kikitoa mlio wa kupasukapasuka, bado yamo, na mafuta hayo yatachacha mapema. Usizidishe moto kwa kuharakisha, kwa sababu wekundu wa mawese huungua na harufu ya moshi haiondoki tena. Dumu liwe safi na kavu, lisiwe liliwahi kubeba petroli wala mafuta ya taa, na likae kivulini.

Kuhusu kipimo, neno ni moja: nunua mizani. Dumu linaloitwa la lita 20 likijazwa mpaka mdomoni hubeba zaidi ya lita hizo, na ziada hiyo ni mafuta uliyoyatoa bure. Kikundi chenye mizani kinaweza kusema kwamba dumu ni kilo 18 bila kuhesabu uzito wa plastiki, na mazungumzo yakaishia hapo. Mise, yaani kokwa za chikichi, nazo zisigawiwe kama taka, kwa sababu ndani yake mna mafuta ya aina nyingine yanayotoa povu zuri kwenye sabuni, na zinaweza kukaa kwa muda mrefu bila kuharibika zikikaushwa vizuri.

Anayevusha mafuta kwenda Burundi kupitia mpaka wa Manyovu afahamu kwamba Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na kwamba shehena ya bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya isiyozidi thamani ya dola 2,000 inaweza kupita kwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinachotolewa mpakani na maofisa wa forodha, bila kutozwa ushuru wa forodha, ingawa tozo nyingine hubaki. Aulize mapema kama bidhaa yake imo kwenye orodha ya zinazopita kwa cheti hicho. Bei apange kwa shilingi, kwa sababu faranga ya Burundi kwa miaka mingi imekuwa na thamani moja benki na nyingine mtaani, na pengo hilo limewala wafanyabiashara wengi waliodhani wamepata faida.

Bei ikipanda na kukaa juu, watu hutamani kupanda michikichi zaidi, nami siwazuii. Mbegu ya aina ya mchikichi iitwayo tenera, ambayo kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kimekuwa kikiizalisha, ina ganda jembamba na nyama nyingi kuliko dura, aina yetu ya zamani yenye ganda nene. Hata hivyo mche wake huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne hivi, kwa hiyo bei ya leo haikuambii chochote kuhusu bei utakayoikuta. Tahadhari ya pili ni kwamba chikichi iliyookotwa chini ya tenera haifai kuwa mbegu: karibu nusu tu ya miche yake itakuwa tenera, robo itarudi kuwa dura, na robo nyingine itakuwa pisifera, ambayo kwa kawaida haizai matunda ya maana.

Bei nzuri huleta pia mambo ndani ya nyumba. Kazi ya kuchemsha, kukamua na kuengua imekuwa ya wanawake kwa sehemu kubwa, ilhali miti mingi ni ya wanaume, na mashine ya kukamulia inaponunuliwa, mwenye mashine ndiye huanza kushika fedha. Kikundi kinachonunua mashine kiandike tangu siku ya kwanza nani anamiliki hisa ngapi, nani anashika daftari la mauzo, na mume au ndugu wa mwanachama ana haki gani akitaka kukamua chikichi zake. Vivyo hivyo kwa anayeweka michikichi yake rehani ili apate fedha za haraka: hati itaje idadi ya miti, msimu ambao rehani inaisha na nani anafyeka shamba, isainiwe mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na kila upande ubaki na nakala.

Makubaliano na mnunuzi wa jumla yaandikwe kwa namna hiyohiyo. Badala ya kufunga bei moja kwa mwaka mzima, ambayo mmoja wenu ataivunja soko likigeuka, andikeni kilo kwa mwezi, kiwango cha ubora, malipo ya awali, na bei ya chini ambayo hamtashuka. Bei ya juu ya hiyo ipangwe upya kila mwezi kwa kuangalia daftari lako na lake yakiwa mezani pamoja.