Somo: Vifaa vya mkono vya kuanzia bustani ya mboga, na namna ya kuvikagua kabla ya kulipa

Wanabustani wenzangu, habari za kazi. Msimu huu tumepata wenzetu wengi wapya, na nimeliona tena kosa linaloniuma kila mwaka. Mtu anapenda bustani kwa dhati, ananunua seti ya vifaa vidogo vya kupendeza, anavipeleka kwenye udongo mfinyanzi, na tuta la kwanza halijaisha kijikoleo kimeshapinda. Pesa imekwenda na moyo umevunjika. Naeleza ninavyofanya mimi hapa Morogoro, chini ya Uluguru, kwenye kiwanja cha mita 10 kwa 20 chenye udongo mwekundu ambao kiangazi unashika kama saruji.

Hatua ya 1: Anza na udongo, si duka

Chukua udongo wenye unyevu, uviringishe kati ya viganja. Ukitoka uzi mrefu mwembamba kama kalamu bila kukatika, una mfinyanzi. Ukimomonyoka, una kichanga. Kichanga kinataka jembe jepesi, pana. Mfinyanzi unataka jembe lenye uzito wa kutosha kujizamisha lenyewe, maana ukilazimika kulisukuma kwa mabega, hutamaliza tuta la pili.

Hatua ya 2: Jembe

Hapa usiharakishe. Majembe mengi yana namba ya uzito kwa ratili. La ratili 3 ni karibu kilo 1.4, na kwa mfinyanzi mimi huona linatosha mtu mzima. Kwa palizi chukua jepesi zaidi.

Litazame tundu la mpini. Zuri limefuliwa pamoja na bapa, chuma kimoja. Ukiona mstari wa kuchomelea kati ya tundu na bapa, jua hapo ndipo litakapoachia siku ukikutana na jiwe. Kisha lining'inize kwa kidole na uligonge kwa kitu cha chuma: zima hulia kama kengele, lenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Rangi isikuvutie, hupakwa hata juu ya chuma kibovu. Muombe muuzaji uguse pembe yake kwa tupa. Tupa ikizama kama kwenye sabuni, chuma ni laini na makali hayatakaa.

Wazee wa hapa bado wanayasifia majembe ya kiwanda cha Ubungo, UFI, na ya Zana za Kilimo Mbeya. Ukilikuta la zamani mnadani, hata likiwa limelika nusu, lichukue. Na usiwapite wahunzi. Jembe lililofuliwa kwa springi za lori limenitumikia miaka tisa.

Hatua ya 3: Mpini ni wa mwili wako

Wengi huchukua jembe na mpini wake kama vilivyo, halafu wanalaumu mgongo. Nunua kichwa peke yake, mpini utafute mwenyewe. Mti wa mpera ni mzuri sana, na mkole pia: ni migumu lakini ina mnepo, haipasuki kirahisi. Angalia nyuzi za mti zikimbie toka mwanzo hadi mwisho wa mpini; zikikatiza kwa mshazari utavunjika hapo. Uache ukauke kivulini wiki kadhaa kabla ya kuuchomeka.

Urefu: usimamishe kando yako. Wa kulimia ukufikie kiunoni au juu kidogo, wa reki ukufikie kati ya bega na sikio.

Hatua ya 4: Jembe la uma

Hili lenye meno manne wengi huliona la anasa. Mimi naliweka la pili baada ya jembe, kwa sababu ya ndago. Ndago ukiikata kwa jembe la bapa, majani yanaondoka lakini vile vinundu vya chini vinabaki na kuchipua upya, tena ukivitawanya ndiyo umevipanda. Uma unainua bonge zima, unalikung'uta, unaokota vinundu kwa mkono. Kwa sangari, nyasi ile inayotambaa chini ya udongo, ni hivyo hivyo. Hata viazi hutoka bila kukatwa katikati. Kagua meno: yakanyage kidogo dukani, yakipinda yarudishe.

Hatua ya 5: Keni, reki, panga

Keni ya lita 10, yenye kichwa cha matundu madogo kinachotoka ili ukisafishe. Lita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni sawa na mvua ya milimita 1. Tuta la mita 1 kwa 10 wakati wa jua kali linahitaji kama milimita 5 kwa siku, yaani keni tano. Piga hesabu hiyo kabla hujachimba matuta kumi. Reki iwe ya chuma, meno yasichezecheze. Panga lolote zuri ulilonalo nyumbani linatosha.

Hatua ya 6: Tupa

Usitoke dukani bila tupa, tafadhali. Jembe butu la bei kubwa linashindwa na jembe la kawaida lililonolewa asubuhi. Libane jembe, noa upande ule ule mmoja wenye mteremko, sukuma tupa mbele na uinyanyue ukirudi. Kuisugua mbele na nyuma kunaiua meno. Dakika tano zinatosha. Baada ya kazi kwangua udongo, futa, paka mafuta kidogo, hata oili chafu.

Toroli, mkasi wa kupogolea na bomba la dawa vitakuja baadaye, bustani ikishajilipa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Kibaha: Mpini wangu unacheza. Kila jioni naloweka jembe kwenye ndoo, asubuhi linakaza. Nakosea?

Jibu: Linakaza kwa siku moja tu, ndugu yangu. Mti ukilowa unavimba na kujibana ndani ya tundu, ukikauka unasinyaa kuliko mwanzo, na chuma kinapata kutu. Toa mpini, chonga kichwa chake upya, kisha gongea kabari ya mti mkavu.

Mwanachama wa Njombe: Mwanangu, mimi nina miaka 64 na mgongo umeanza kukataa. Niache bustani?

Jibu: Shikamoo mama. Usiache. Tafuta jembe dogo la palizi lenye mpini mrefu ukufikie kifuani, ufanye kazi umesimama wima. Palilia magugu yakiwa na majani mawili tu, yakikua ndipo yanapotaka nguvu. Na badala ya keni moja ya lita 10, beba mbili za lita 5, moja kila mkono, uzito usikuvute upande mmoja.

Mwanachama wa Muleba: Panga langu ni moja, nakatia migomba na kusafishia bustani. Huku unyanjano, ule ugonjwa wa kunyausha migomba, upo. Ni salama?

Jibu: Hapana, na nashukuru umeuliza. Mnyauko huo wa bakteria husafiri kwa panga toka mgomba mmoja hadi mwingine, hata kama huo wa kwanza bado unaonekana mzima. Ukimaliza shina moja, pitisha panga kwenye moto mpaka lisishikike, au lioshe kwa jiki iliyochanganywa na maji, ndipo uguse shina linalofuata. Ukiweza, tenga panga la migomba na ulitie alama ya rangi kwenye mpini ili watoto wasilichanganye. Jembe lililochimbua shina linaloumwa nalo lisafishwe vivyo hivyo.